Barua ya wazi: Usiku wa kwanza baada ya kisu, nani anamlindia mtoto pumzi?

Ngamiani, Tanga

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya huduma za upasuaji wa watoto,
Mkoa wa Tanga.

YAH: WATOTO WANAOPASULIWA KWA KUZIBA MLANGO WA TUMBO KUACHWA BILA MTU WA KUTAZAMA PUMZI ZAO

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari na mama wa mtoto mmoja wa kiume. Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliitia kwenye sanduku la maoni. Ya pili niliipeleka mwenyewe ofisini, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya tatu niliiambatanisha na nakala za vipimo na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Nilichopata ni simu moja, ya mtu mwenye sauti ya upole, aliyeniambia: "Mwalimu, mtoto si amepona? Mshukuru Mungu." Namshukuru Mungu kila ninapomwamsha mwanangu asubuhi. Lakini maswali yangu hayajajibiwa hata moja, na miezi sita imepita. Ndiyo sababu leo naandika hadharani.

Hospitali siitaji jina, na watumishi siwataji. Sitaki mtu afukuzwe kazi. Wawili kati yao ndio waliomrudisha mwanangu, na nitawasema kwa wema humu humu.

Mwanangu alizaliwa salama, kilo 3.4. Wiki tatu alinyonya vizuri. Wiki ya nne akaanza kutapika, na matapishi yenyewe hayakuwa kucheua kwa kawaida: maziwa yaliruka mpaka ukingo wa kitanda, meupe, yameganda, hayana hata dalili ya nyongo. Akimaliza kutapika anatafuta titi tena, ana njaa. Nilikuwa bado ndani ya arobaini. Mama mkwe alimfunga mvuje, akasema ni jicho. Zahanati waliniambia nimbeulishe vizuri na nimlaze ameinuliwa kichwa. Siku ya thelathini na sita alikuwa na kilo 3.1, utosi umebonyea, nepi ya tangu alfajiri kavu. Hapo ndipo tulipokodi bajaji kwenda hospitali.

Daktari wa upasuaji alimgusa tumbo kwa ncha za vidole kwa muda mrefu, kimya, kisha akachukua kidole changu akakiweka pale. Alisema wao hufundishwa kuwa kinafanana na zeituni. Mimi nilisikia kokwa ya tende. Ultrasaundi ikaonyesha msuli wenye unene wa milimita 5, na kuanzia milimita 3 tu huhesabiwa kuwa umenenepa.

Waheshimiwa, ugonjwa huu mnaujua kuliko mimi. Lakini barua hii itasomwa na wazazi pia, na bila kuuelewa hawatajua ninalalamikia nini. Tumbo lina mlango wa chini, pale chakula kinapotoka kwenda kwenye utumbo mwembamba. Kwa baadhi ya watoto, zaidi kati ya wiki ya pili na ya nane, msuli wa mlango huo hunenepa mpaka maziwa hayapiti. Huwapata watoto wa kiume kama mara nne zaidi ya wa kike, na wazaliwa wa kwanza zaidi ya wanaofuata. Tiba yake ni upasuaji mfupi: msuli unachanjwa kwa urefu, ngozi laini ya ndani inaachwa nzima, mlango unafunguka. Upasuaji huo una jina la daktari Mjerumani, Conrad Ramstedt, aliyeuandika mwaka 1912, wakati reli ya kutoka hapa Tanga ndiyo kwanza imefika Moshi. Si jambo geni duniani. Penye matunzo kamili, karibu watoto wote hupona.

Sasa sehemu ambayo sikuijua, ingawa nafundisha tindikali na alkali kila mwaka. Anachotapika mtoto huyu ni maziwa pamoja na tindikali ya tumboni, asidi ya haidrokloriki, ile ile ninayoifungia kabatini maabara. Mlango umeziba, kwa hiyo alkali ya kongosho iliyo chini yake haitoki. Inatoka tindikali peke yake, siku baada ya siku. Damu inageuka kuwa na alkali nyingi. Kloraidi inashuka. Figo, zikihangaika kubana maji, zinatupa potasiamu, na mwishowe zinatupa hata tindikali kidogo iliyobaki.

Mwili unabaki na njia moja ya kujiongezea tindikali, nayo ni kaboni dioksidi. Wanafunzi wangu hupuliza kwa mrija ndani ya maji yenye rangi ya kupimia, rangi ikabadilika, wakashangilia. Ni hewa hiyo. Ikiyeyuka inafanya tindikali hafifu. Basi mtoto anapumua polepole na kwa juujuu ili hewa hiyo isimtoke. Kabla kisu hakijamgusa, tayari amezoea kupumua kidogo.

Na kile kituo cha ubongo kinachoamuru pumzi huamshwa na tindikali hiyo hiyo. Damu ikiwa na alkali nyingi, kituo kinasinzia. Juu yake iongezwe nusu kaputi. Iongezwe dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, kama amepewa. Au wakati amelala thieta apuliziwe hewa kwa kasi mno, kaboni dioksidi yote ifagiliwe nje. Akiamka, anaweza kunyamaza asipumue sekunde ishirini, thelathini, zaidi. Tena hata damu ikisharekebishwa, maji yanayozunguka ubongo huchelewa kuifuata. Kwa hiyo mtoto aliyetoka thieta akiwa mwekundu, analia, bado anaweza kuacha kupumua saa nyingi baadaye, usiku, wakati ndugu wameshakwenda nyumbani kwa furaha.

Haya alinieleza mtaalamu wa usingizi mwenyewe, siku ya tatu, akichora mgongoni mwa karatasi. Nilimuuliza kama yanajulikana au ni utafiti mpya. Akaniambia yanajulikana tangu yeye hajazaliwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Damu ya mwanangu haikusubiriwa.

Tulifika saa nne asubuhi. Daktari wa upasuaji alikuwa mgeni wa siku chache, na alfajiri ya kesho yake alikuwa anaondoka. Mashine ya kupima chumvi za damu ilikuwepo maabara, vitendanishi vilikuwa vimekwisha. Mume wangu alipewa kichupa cha damu akipeleke maabara binafsi mjini. Alikwenda kwa bodaboda, amekishika mkononi njia nzima. Mtoto akaingizwa thieta saa kumi na moja jioni. Majibu yalitoka saa kumi na mbili.

Karatasi ninayo. Kloraidi 84, potasiamu 2.8, bikabonati 37. Pembeni mwa kila namba pamechapwa kiwango cha kawaida, na hakuna namba hata moja iliyokuwa ndani yake. Niligonga mlango wa thieta nikiwa nayo. Muuguzi aliyefungua aliipokea, akaisoma pale mlangoni, nikaona uso wake ulivyobadilika. Akasema, "Wameshaanza, mama."

Sikatai kwamba alitundikiwa dripu. Ilianza saa sita mchana, saa tano kabla ya kisu. Mtoto aliyekauka kiasi kile kwa kawaida huhitaji siku moja au mbili za maji ya chumvi na glukosi, na potasiamu akishaanza kukojoa, mpaka kloraidi ikaribie 100 au ipite, na bikabonati ishuke chini ya 30. Ugonjwa huu dharura yake ni maji na chumvi. Kisu kinaweza kusubiri, na kila anayefundishwa usingizi wa watoto hufundishwa hivyo. Mwanangu alipasuliwa siku ile kwa sababu ya ratiba ya safari ya mtu mzima.

2. Tumbo lilikuwa limejaa.

Wodini alikuwa amewekewa mpira wa puani mwembamba kama ule wa kulishia watoto njiti. Maziwa yaliyoganda hayapiti humo, kwa hiyo kwenye mfuko hapakuwa na kitu na kila mtu akaamini tumbo ni tupu. Mtaalamu wa usingizi hakuamini. Aliuchomoa, akapitisha mpira mnene mdomoni, akavuta akiwa amemlaza chali, kisha ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, na akatoa maziwa mengi sana. Baada ya hapo ndipo alipompa dawa. Namshukuru mbele ya wasomaji wote.

Hofu yangu ni kwamba ilitegemea yeye awe zamu siku hiyo. Mama yeyote wa pwani anajua maana ya mtoto kupaliwa. Mtoto aliyelazwa kwa nusu kaputi hana kikohozi cha kujiokoa. Maziwa na tindikali vikimpanda, vinateremka mapafuni. Na mtoto mdogo kwa kila kilo ya mwili hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, huku akiba aliyonayo kifuani ni ndogo, ndiyo maana midomo hugeuka rangi ndani ya sekunde chache tu. Usalama wa jambo hili unatakiwa uwe umeandikwa ukutani, asiachiwe mtu mmoja kwa kumbukumbu yake.

3. Usiku wa kwanza mlinzi nilikuwa mimi.

Hapa naomba mnivumilie, nitasema kwa kirefu.

Alirudishwa wodi ya watoto saa mbili usiku. Mtaalamu wa usingizi alimwambia muuguzi wa zamu, nami nikisikia, kwamba mtoto huyu atazamwe pumzi usiku kucha. Muuguzi aliitikia, na nina hakika alikusudia. Alikuwa peke yake. Nilihesabu vitanda: 26, na viwili kati ya hivyo vilikuwa na watoto wawili wawili. Ilipofika saa nne alikuwa anahangaika na mtoto wa degedege upande wa pili. Mashine ya kidoleni, ile ya kupima oksijeni, ilikuwa moja kwa wodi nzima, na usiku ule ilikuwa kwa mtoto huyo wa degedege, kwa haki kabisa.

Mimi nilikuwa mzazi wa wiki ya sita, sijalala usingizi wa maana kwa siku nane. Niliweka kiganja changu juu ya kifua cha mwanangu, nikajiambia kikiinuka yupo hai. Nadhani nilisinzia baada ya saa saba. Nilichokiota sikikumbuki. Ninachokumbuka ni kuzinduka nikijua kuna kitu kimekosekana, na kabla akili haijakaa sawa nikatambua ni mkono wangu. Ulikuwa umetulia. Hauinuki.

Nilimulika kwa simu. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Sikuweza hata kuita jina lake, tulikuwa bado hatujamzoeza jina. Nilipiga kelele, "Sista! Sista!" mpaka wodi nzima ikaamka.

Alikuja mbio. Alimsugua nyayo na mgongo, hakupumua. Akafungua droo ya kabati la dharura. Mfuko wa kupumulia uliokuwemo ulikuwa na barakoa ya mtoto mkubwa, ilifunika uso mzima wa mwanangu mpaka kidevuni na hewa ikatokea pembeni. Ya saizi yake ilikuwa wodi ya watoto wachanga, ng'ambo ya uwanja. Mama mmoja wa kitanda cha jirani alikimbia kuifuata akiwa peku. Sista hakungoja. Alifunika mdomo na pua za mwanangu kwa mdomo wake mwenyewe akampulizia, taratibu, pumzi ndogo ndogo za mashavuni. Ya nne au ya tano, mtoto akashtuka, akavuta hewa kwa sauti kama ya mlango mkavu, akalia.

Kabla ya adhana ya alfajiri akaacha tena kupumua. Safari hiyo barakoa ilikuwepo na oksijeni ilikuwepo, na sista alikuwa ameketi pale pale, amewaacha wengine wote. Iliisha haraka.

Sijui alikaa muda gani bila hewa mara ya kwanza. Hakuna anayejua, kwa sababu hapakuwa na mashine ya kulia wala mtu wa kutazama. Leo ana miezi saba na nusu. Anaketi, anashika kijiko, anacheka akimwona baba yake. Kila anapochelewa kufanya jambo ambalo mtoto wa jirani ameshalifanya, mimi na baba yake tunatazamana, hatusemi kitu.

4. Siku 28.

Wodi ya watoto wachanga, ile ya ng'ambo ya uwanja, ina mashine za kupima oksijeni saa zote, ina barakoa ndogo, na wauguzi wake wanalea njiti, watoto ambao kusahau kupumua ni mambo yao ya kila usiku. Mwanangu hakupokewa huko kwa kuwa mtoto mchanga kwa hesabu ya kitabibu ni wa siku 28 za mwanzo, na yeye alikuwa na 36. Naelewa sababu yake: watoto waliotoka majumbani wanaweza kuwaletea njiti maambukizi.

Lakini utaratibu huo umewatupa watoto wa ugonjwa huu katikati. Ugonjwa wao kwa kawaida hujitokeza siku zile zile wanazovuka mpaka huo. Wanalazwa na watoto wa miaka tisa waliovunjika miguu, mahali ambapo vifaa na wauguzi wamepangwa kwa watoto wakubwa. Kona moja yenye kitanda kimoja na mashine moja ingetosha.

5. Hakuna kilichoandikwa.

Niliomba kuona jalada. Ukurasa wa usiku ule una mstari mmoja: "Hali inaendelea vizuri." Idadi ya pumzi, mapigo ya moyo, oksijeni, vyote vitupu. Kuacha kupumua mara mbili hakumo.

Baada ya barua yangu ya pili kujulikana, mama mmoja kutoka Mkinga alinitafuta. Mwanawe alikuwa na ugonjwa huo huo, akapasuliwa, na usiku wa pili akafariki. Aliambiwa ni mapafu. Sisemi najua kilichomuua. Nasema kwamba katika karatasi alizonionyesha, tangu mtoto atoke thieta mpaka anafunikwa, hakuna mahali pumzi zake zilipohesabiwa hata mara moja, kwa hiyo hata daktari angependa kujua leo, hana pa kusoma.

6. Sikuambiwa.

Nilisaini fomu ya kukubali upasuaji. Niliambiwa kuhusu damu kutoka na kidonda kuoza. La pumzi sikuambiwa. Ningeliambiwa, mume wangu angebaki tukapokezana kukaa macho.

Waheshimiwa, majibu nimeyasikia koridoni kwa miezi sita, naomba niyajibu kabla hayajarudiwa.

Mtasema ugonjwa huu ni nadra. Ni kweli. Ulaya huhesabiwa watoto wawili hadi wanne katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, na kwetu Afrika huonekana wachache zaidi. Ila muuguzi anayeuona mara moja kwa mwaka ndiye hasa anayehitaji karatasi ya kumkumbusha. Malaria hahitaji kukumbushwa.

Mtasema hatuna wataalamu wa usingizi wa kutosha. Hilo nalijua, na waliopo wanafanya kazi kupita nguvu zao. Ninaloliomba kwa usiku ule halihitaji mtaalamu wa usingizi. Linahitaji muuguzi mmoja aliye karibu, mashine ya kidoleni yenye kengele, barakoa ya saizi yake, na daftari.

Mtasema apewe rufaa. Kutoka Tanga kwenda Muhimbili kwa kupitia Segera na Chalinze ni kilomita zipatazo 350, na kwenda KCMC Moshi ni safari isiyopishana sana na hiyo. Mtoto aliyekauka, tumbo limejaa maziwa, akipakiwa garini bila dripu na bila mpira, hatari tumemhamishia barabarani tu. Anayestahili rufaa apewe, lakini siku ya kwanza ya matunzo yake, yaani damu, dripu na kutoa maziwa tumboni, inawezekana hapa hapa Tanga.

Mtasema wazazi tunachelewa kuwaleta. Mimi nilichelewa siku kumi, nimekiri hapo juu, na nitaibeba hiyo mwenyewe. Lakini mtoto aliyecheleweshwa ndiye aliyeharibika damu zaidi. Kuchelewa kwetu kunaongeza sababu ya kumsubirisha kisu na kumlinda usiku, hakuondoi.

Na mtasema bajeti. Vitendanishi vya mashine iliyopo, mpira mnene wa mdomoni, barakoa moja ndogo. Nimeomba kuonyeshwa gharama zake katika barua ya tatu. Nikionyeshwa kwamba haziwezekani nitanyamaza upande huo, na nitawaomba wazazi wenzangu na wafanyabiashara wa soko la Ngamiani tuchangie hiyo barakoa.

Ninachoomba ni hiki.

Mtoto mwenye ugonjwa huu asiingizwe thieta kabla majibu ya kloraidi, potasiamu na bikabonati hayajawa mkononi mwa mtaalamu wa usingizi na kuridhiwa naye kwa saini. Vitendanishi vikikosekana, sampuli ipelekwe nje na hospitali yenyewe, siyo na baba kwa bodaboda, na kisu kisubiri. Daktari mgeni akilazimika kuondoka, basi aondoke. Mtoto akiwa na dripu sahihi na tumbo tupu anaweza kumngoja mwingine au kupewa rufaa akiwa na hali njema.

Mpira mnene wa mdomoni uwepo, na maziwa yavutwe akiwa chali na kwa mbavu zote mbili kabla ya nusu kaputi, kila mara, na iandikwe kiasi kilichotoka.

Dawa ya maumivu iwe parasetamo pamoja na ganzi ya kidonda, na zile za jamii ya mofini ziepukwe kadiri daktari anavyoona inawezekana.

Kwa saa 24 baada ya upasuaji mtoto awe na mashine ya kupima oksijeni mguuni, yenye kengele iliyowashwa, mahali ambapo muuguzi anamwona bila kuvuka ukumbi. Pumzi, mapigo na oksijeni viandikwe kila saa. Apimwe sukari na afunikwe asipoe, kwa kuwa sukari ikishuka na baridi ikimwingia navyo humfanya mtoto mdogo aache kupumua. Mfuko wa kupumulia na barakoa ya saizi yake vitundikwe kwenye kitanda chake, visifungiwe kabatini. Na kwa ugonjwa huu, wodi ya watoto wachanga iangalie upya ile hesabu ya siku 28, au itengwe ile kona niliyoisema.

Mzazi aambiwe kuhusu pumzi kabla hajasaini. Aambiwe kwa Kiswahili chepesi, na aonyeshwe namna ya kumchezesha mtoto nyayo na namna ya kuita msaada.

Mwisho, kifo cha mtoto wa Mkinga na usiku wa mwanangu vijadiliwe kwenye kikao cha watumishi, bila kumtafuta wa kulaumiwa, na sista yule wa zamu aitwe kwa jina apewe shukrani rasmi. Sijamwona ameshukuriwa na mtu yeyote isipokuwa sisi.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Msinipigie simu tena. Yabandikeni kwenye ubao wa matangazo wa wodi ya watoto, pale karibu na bomba la maji tunapofulia nepi, ili mama anayelazwa wiki ijayo ayasome kabla mwanawe hajachukuliwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mama wa kitanda namba 11
Ngamiani, Tanga

Nakala: Mama wa Mkinga, kwa ridhaa yake.